Besiboli ya Mataifa: Mbona Msee wa Ukunda Akeshe Akicheki Mchezo Hauna Saa

Tuseme ukweli. Ingia kibanda chochote cha mpira Ukunda Jumamosi jioni, mwambie mwenye rimoti aweke besiboli. Utatolewa nje kama mwizi wa kuku. Huku Kwale mchezo ni soka. Ukitoka Diani ukapita Gazi na Msambweni mpaka Lunga Lunga, story ni ile ile: Arsenal, Man U, na mkeka wa timu kumi uliochanika juu ya timu moja.

Sasa skiza. Kuna mchezo ambao mechi zake kubwa hupigwa wakati we umelala, na wasee wachache sana wa pwani wanajua utamu wake. Siongelei ligi ya Marekani, ile MLB. Hiyo, tuambiane tu, ni kazi ya mshahara: kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu mmoja. Mia moja sitini na mbili! Nani ako na hiyo bando? Halafu wakimaliza wanaita fainali yao "World Series", na timu zote ni za Marekani isipokuwa moja tu ya Toronto, Kanada. Dunia gani hiyo?

Naongelea besiboli ya mataifa, nchi kwa nchi. Hapo mechi ni chache, kila moja ina uzito, na ukichapwa unafungasha. Kubwa kuliko zote ni World Baseball Classic, watu huita WBC, iliyoanza 2006. Hii ndiyo mastaa wa ligi kubwa huvaa jezi za kwao. Japani wameibeba 2006, 2009 na 2023, Jamhuri ya Dominika 2013, Marekani 2017. Kuna Premier12, ya timu 12 za juu duniani. Kuna ya watoi wa miaka 10 hadi 12, Little League World Series, kila Agosti pale Williamsport, Pennsylvania, na hiyo angalau inaalika dunia kweli. Olimpiki nayo ilitoa besiboli baada ya Beijing 2008, ikairudisha Tokyo, ikairuka Paris 2024, na imepangwa kurudi Los Angeles 2028.

Ushawahi kucheza raundas? Basi nusu ya kazi umemaliza

Watu hudhani besiboli ni hesabu za NASA. Zii. Kama ulisoma praimari Kenya, ulicheza raundas ama uliona madem wa shule yenu wakiicheza hadi michezo ya wilaya. Rungu, mpira, vituo vinne, unapiga unatoka mbio. Dadako anaujua huu mchezo kukuliko, muulize.

Besiboli ni hiyo raundas ikiwa imekua ikapata pesa. Timu moja inapiga, nyingine inadaka, tisa kwa tisa. Mrushaji anasimama juu ya kichuguu kidogo katikati, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpigaji ana rungu la mbao. Besi ni nne (besi, si base yenu ya muguka), na kati ya moja na nyingine ni mita 27 na nukta kidogo. Ukizunguka zote ukarudi pale ulipoanzia, timu yako imepata pointi moja.

Unatolewa vipi? Ukikosa mpira ama ukiacha mpira mzuri upite mara tatu, hizo ni straiki tatu, uko auti. Ukipiga ukadakwa hewani, auti. Ukipiga ukakimbia, mpira ukafika besi kabla yako, auti. Auti tatu, mnabadilishana. Mrushaji naye akirusha ovyo nje ya eneo mara nne, unatembea zako besi ya kwanza bure. Na ukiutwanga ukavuka ua la uwanja, hiyo ni hom-rani: we na kila mwenzako aliye kwenye besi mnarudi nyumbani pole pole mkipunga mkono.

Kila timu inapata zamu tisa za kupiga. Mkitoka sare mnaongeza zamu mpaka mmoja alie. Zingine ni ndogondogo, utazishika ukicheki. Mimi niliacha chuo njiani na hizi sheria nilizishika usiku mmoja, so usilete visingizio.

Hakuna dakika ya 90

Hapa ndipo utamu wote uko, so tulia kiasi.

Kwenye soka, timu ikiongoza moja bila dakika ya 85, unajua kinachofuata. Kipa anashika paja. Beki anaanguka kama amepigwa risasi. Mpira unapelekwa kona na kukaliwa kama kuku wa mayai. Saa ndiyo inawamalizia mechi.

Besiboli haina hiyo saa. Ukiongoza, huwezi kujificha na mpira, juu ni lazima umrushie adui. Ndio, sheria mpya za kumharakisha mrushaji zimeingia, lakini mechi yenyewe haina kipenga cha mwisho. Lazima upate ile auti ya mwisho. Hadi uipate, aliye nyuma bado ako hai, hata kama ameachwa pointi sita.

Cheki nusu fainali ya WBC, Miami, 20 Machi 2023. Japani na Mexico. Mexico waliongoza 3-0 mpaka zamu ya saba, Masataka Yoshida akapiga hom-rani ya pointi tatu, sare. Zamu ya nane Mexico wakaongeza mbili, Japani wakarudisha moja. Sasa ni 5-4, zamu ya tisa, Japani wanapiga mara ya mwisho. Mexico wanahitaji auti tatu tu waingie fainali yao ya kwanza kabisa.

Shohei Ohtani anaanza. Anapiga, helmeti inamtoka akikimbia, anafika besi ya pili, anasimama pale akiwapigia wenzake kelele kama konda wa matatu pale Likoni. Yoshida anapewa besi ya bure. Anaingia Munetaka Murakami. Huyu jamaa mwaka uliotangulia alikuwa amepiga hom-rani 56 kwenye ligi ya Japani, lakini usiku huo alikuwa ametolewa kwa straiki mara tatu. Mara tatu! Kwenye soka kocha angekuwa amemtoa zamani. Hapa zamu yake ikifika, imefika.

Akautwanga hadi ukutani. Ohtani akaingia, na nyuma yake akaja yule mkimbiaji wa akiba kwa spidi ya boda inayokimbizwa na karao. 6-5. Imeisha. Hakuna nyongeza, hakuna VAR ya dakika saba.

Kesho yake fainali, Japani na Marekani. Japani wanaongoza 3-2, zamu ya tisa, Ohtani sasa ndiye anarusha. Huyu mtu hupiga na kurusha yote mawili, ni kama striker awe pia kipa. Wa kwanza anampa besi ya bure. Wa pili, Mookie Betts, anapiga chini, auti mbili kwa mpigo mmoja. Imebaki moja. Na nani anaingia? Mike Trout, kapteni wa Marekani, na wakati huo mwenzake Ohtani kwenye timu moja, Los Angeles Angels. Mabeste wa chumba kimoja cha kubadilishia nguo, mmoja ana mpira, mwingine ana rungu, dunia nzima inacheki. Boli tatu, straiki mbili, yaani mpira mmoja unaamua kila kitu. Ohtani akarusha mpira uliokata kona kama ndala imerushwa na mathee. Trout akapiga hewa.

Ukiandika filamu hivyo watakuambia umezidisha.

Fundi wa stima dhidi ya milionea

Lakini ukiniuliza mimi, mechi ya kucheki 2023 haikuwa fainali. Ilikuwa Japani dhidi ya Ucheki, Tokyo, 11 Machi.

Ucheki walikuwa wamefuzu WBC mara yao ya kwanza. Kikosi chao hakikuwa cha mastaa. Kilikuwa cha watu wa kazi. Kulikuwa na mzimamoto. Kulikuwa na mwalimu. Kocha wao, Pavel Chadim, ni daktari wa neva. Na mrushaji wao siku hiyo, Ondřej Satoria, ni fundi wa stima. Yaani Jumatatu anapanda ngazi na koleo, Jumamosi anasimama mbele ya Ohtani kwenye uwanja uliojaa hadi juu.

Satoria harushi kwa nguvu. Mpira wake ni wa polepole ukilinganisha na wa hao mapro. Akamtoa Ohtani kwa straiki tatu. Ucheki walichapwa 10-2 mwishoni, sikudanganyi. Lakini uwanja wa Tokyo uliwapigia makofi, na Ohtani mwenyewe alitua Miami akiwa amevaa kofia ya Ucheki. Niambie ni lini mara ya mwisho uliona timu ya soka ikinyoroshwa hivyo na bado watu wakarudi na kofia yake.

Mechi hiyo hiyo ilikuwa na story ingine nzito zaidi. Mrushaji wa Japani alikuwa Roki Sasaki, miaka 21. Tarehe 11 Machi ndiyo siku tsunami ilipiga Japani mwaka 2011. Sasaki alikuwa na miaka tisa, na maji yalimchukulia babake pamoja na babu na nyanya yake. Sisi wa kuishi na bahari tunajua inavyoweza kukuacha na mkeka wa matanga bila mwili wa kuzika. Miaka 12 baadaye, siku ile ile, kijana akarusha mbele ya nchi yake yote.

Katikati ya hiyo mechi mpira wake mmoja, kilomita 162 kwa saa, ulimpiga Mcheki mmoja, Willie Escala, kwenye goti. Jamaa akaanguka, akainuka, akakimbia kidogo kuonyesha ako fiti, uwanja ukamshangilia. Siku chache baadaye Sasaki akaenda hadi hotelini kwa Wacheki na mifuko miwili ya peremende kuomba msamaha. Peremende, manze. Kama ndugu mdogo aliyevunja sahani.

Pilipili manga, kahawa, na jina kifuani

WBC ina kitu ingine: unaweza kuchezea nchi ya mzazi wako. Ndio maana Lars Nootbaar, aliyezaliwa Marekani na mama Mjapani, aliichezea Japani 2023. Akawafundisha Wajapani wote kushangilia kwa kusaga pilipili manga, viganja viwili vinazungushana kama mathee anaandaa pilau la Idd. Mashabiki wakaanza kuja uwanjani na visagio vya kweli. Italia nao waliweka mashine ya kahawa kwenye kibanda cha wachezaji. Mchezaji anatoka kupiga, anapiga espresso. Vituko kama hivi kwenye ligi ni adimu.

Lakini chini ya hivyo vituko kuna kitu cha maana, na hicho ndicho hunifanya nikeshe. Kwenye besiboli mpigaji husimama peke yake. Hakuna wa kumpasia. Kamera inamkaribia, na kitu kikubwa unachoona ni jina la nchi kifuani.

Sasa fikiria kifua hakina jina.

Novemba 2024, fainali ya Premier12, Tokyo. Taiwan dhidi ya Japani. Taiwan hairuhusiwi kutumia jina lake kwenye michezo ya kimataifa juu ya siasa na China, huitwa "Chinese Taipei". Japani walikuwa wameshinda mechi 27 mfululizo za mashindano ya kimataifa. Kapteni wa Taiwan, Chen Chieh-hsien, akapiga hom-rani ya pointi tatu. Akizunguka besi, alichora kwa vidole umbo la mstatili kifuani mwake, pale ambapo jina la nchi lingekuwa na halikuwa. Hakusema neno. Nyumbani kila mtu alielewa. Wakashinda 4-0.

Na usidhani hizo ni story za Asia pekee. Cheki majirani wetu Uganda.

Mwaka 2011 watoi wa Kampala walishinda mchujo wa kanda yao pale Kutno, Poland. Wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufuzu Little League World Series. Mifuko ikafungwa. Halafu viza zikakataliwa. Sababu? Makaratasi. Ubalozi wa Marekani ulisema stakabadhi za umri na kuzaliwa hazikuwiana. Nafasi yao ikapewa timu ya Saudi Arabia, ile ile waliyokuwa wameichapa. Mtoi wa miaka 12 anaelezwaje hiyo? Timu ya Kanada kutoka Langley, iliyokuwa imepangwa kucheza nao mechi ya kwanza, iliona ni noma hadi ikafunga safari Januari 2012 ikaenda kucheza nao Uganda.

Mwaka huo huo, 2012, watoi wengine wa Uganda, wa Lugazi, walifuzu tena. Safari hii makaratasi yalikuwa sawa. Wakatua Williamsport. Wakachapwa na Panama 9-3, wakanyoroshwa na Mexico 12-0. Halafu kwenye mechi ya faraja wakawapiga wenyeji, timu ya Gresham kutoka Oregon, 3-2. Mwaka 2015 Uganda wakarudi na kuichapa Jamhuri ya Dominika 4-1 kwenye mashindano yenyewe. Jamhuri ya Dominika! Nchi ambayo besiboli kwao ni kama mbio kwa Wakalenjin.

Tangu hapo mlango umefunguka kiasi. Dennis Kasumba, yatima wa Kampala ambaye video zake akifanya mazoezi na matairi ya gari zilizunguka dunia, alienda kucheza Marekani na Frederick Keys 2023. David Matoma, mrushaji, akasainiwa na Pittsburgh Pirates. Na ni timu hiyo hiyo ya Pirates iliyompa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini nafasi Aprili 2017, akawa wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza MLB.

Huku Kwale hii story ya makaratasi si ngeni. Wamakonde wamezaliwa hapa vizazi na vizazi tangu wazee wao walipotoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa na katani. Hawakuwa na kitambulisho. Bila kitambulisho husajili laini, hufungui akaunti, huombi kazi, na paspoti ndiyo usiote. Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais. 2017 wakatambuliwa rasmi kama kabila la 43 la Kenya. Wapemba, wavuvi wa pwani hii hii, wakasubiri hadi 2023.

So weka hesabu. Kabla ya 2017, mtoi wa Kimakonde hata angerusha kama Sasaki, asingevuka mpaka pale Lunga Lunga kihalali kama Mkenya, achilia mbali kupanda ndege na jezi ya taifa. Nikiona Chen akichora mstatili kifuani, akili yangu haiendi Taipei. Inakuja hapa.

Ya kwetu haihitaji rungu

Ukisema besiboli mtu wa Kwale atakuuliza: glavu zinauzwa wapi? Rungu je? Swali halali kabisa. Ndio maana shirikisho la dunia, WBSC, lilileta Baseball5 mwaka 2017. Ni besiboli ya mtaani, asili yake ni mchezo wa vijana wa Cuba wa kona nne. Hakuna rungu, hakuna glavu. Mpira mmoja wa raba, wachezaji watano kwa watano, zamu tano. Unajirushia mpira mwenyewe kisha unaupiga kwa kiganja ama ngumi. Besi zina mita 13 tu kati yake. Ukiupiga ukatoka nje ya ua bila kudunda ndani, hiyo si hom-rani, ni auti, so nguvu za bure hazisaidii. Akili na miguu.

Na timu ni mseto, wanaume na wanawake pamoja uwanjani. Kumbuka nilichosema kuhusu dadako na raundas. Hapo ndipo mbogi ya wanaume pekee itaabika.

Cuba walibeba Kombe la Dunia la kwanza la Baseball5, Mexico City 2022, na wakarudia Hong Kong 2024, mara zote mbele ya Japani. Baseball5 pia imo kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, mara ya kwanza kabisa michezo ya Olimpiki kuwekwa Afrika. Kenya ina timu ya Baseball5 na imecheza mashindano ya Afrika, so hii si ndoto ya mbali.

Ukitaka kujaribu na mabeste, ushauri mmoja: msicheze kwenye mchanga mkavu wa Diani. Mpira hautadunda, mtachoka bure. Ngojeni maji yapwe, mchoreni uwanja kwenye ule mchanga mgumu uliobaki na unyevu, ama tafuteni kiwanja cha shule. Mraba wa mita 21 kila upande unatosha.

Na ukivuka mpaka ukateremka hadi Dar es Salaam, utakuta shule za sekondari zikicheza besiboli yenyewe, na rungu lake, kwenye mashindano yanaitwa Tanzania Koshien, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Wajapani. Jina limetoka Koshien, uwanja uliofunguliwa 1924 karibu na Kobe, ambapo shule za Japani hucheza kila kiangazi. Huko timu ikitolewa, wachezaji hupiga magoti wakizoa mchanga wa uwanja ndani ya mfuko, wakilia, waende nao nyumbani. Kwa wengi ndiyo mechi ya mwisho ya maisha yao. Tafuta hizo video uone kama hutajishika.

Utacheki wapi, saa ngapi

Mechi za Japani ndizo rafiki zaidi kwetu. Tokyo ikianza saa moja jioni, Diani ni saa saba mchana. Unakula zako wali wa nazi ukicheki. Mechi za Miami ni ngori: saa moja usiku kule ni saa nane usiku huku wakati wa Machi, na zinaisha mida ya adhana ya alfajiri. Faida ni kwamba usiku huo mtandao hauna watu wengi, haikwami kwami.

WBSC wana jukwaa lao la kuonyesha mechi, linaitwa GameTime, Baseball5 pia iko huko. WBC na Little League wako na chaneli za YouTube. Kama bando ni ya mawazo, usianze na mechi nzima ya saa tatu. Tafuta muhtasari wa Japani na Mexico 2023, halafu Japani na Ucheki, halafu Uganda na Jamhuri ya Dominika 2015. Kwa mpangilio huo. Ukicheki ya Uganda, angalia kifua cha jezi kabla ya kuangalia mpira.